Migomba ya Nani

Mwezi uliopita ofisi ya kata iliniita kwenye kikao cha vijana. Waliniita kwa sababu nimestaafu ualimu, nakaa karibu, na mtu mzima akikaa mbele kikao huonekana kina adabu. Walitundika bango, wakapanga viti vya plastiki, soda zikaletwa. Ofisa mmoja, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, akasimama akasema serikali imekuja kusikia vijana wanahitaji nini ili waishi vizuri. Msichana aliyekaa karibu na mlango akanyoosha mkono. Akasema wao wana vyerehani vyao tayari, wanaomba tu ufunguo wa lile ghala tupu nyuma ya ofisi wapate pa kushonea. Hakuzunguka. Mtoto wa darasa la tatu angemwelewa.

Ofisa akatikisa kichwa kwa heshima zote. Akasema, “Limepokelewa.” Kisha akasema kwamba kwa kuanzia wameleta mipira na jezi.

Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Mtendaji akanifuata mpaka barabarani akidhani nimeugua, akaniuliza kama niletewe maji. Nilimwambia nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote, nilikuwa na hasira, tena ya zamani sana, na hasira ya namna hiyo huwezi kuanza kumweleza mtu mkiwa mmesimama juani.

Neno hilo, limepokelewa, nililisikia mara ya kwanza nikiwa msichana wa shule ya msingi, katika kijiji chetu kipya upande wa Rulenge, miaka ya Ujamaa. Alilitamka mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Aliyeambiwa ni kaka yangu.

Kabla ya kijiji tulikaa mlimani. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya migomba, na mtu aliyepita njia ya chini aliona moshi tu, nyumba haioni. Samadi ya ng’ombe, maganda ya jikoni, majivu, majani yaliyofagiwa uani, vyote viliishia kwenye mashina. Mgomba wa kwetu ulilelewa hivyo, mlangoni, kama mtoto. Ukiupeleka mbali na nyumba unanyauka na kukupa mkungu wa kuaibisha.

Kijana akishakua, baba yake alimwita asubuhi wakaingia wote wawili ndani ya migomba. Walitembea kimya mpaka mahali ambapo baba alisimama na kusema, “Kuanzia hapa ni kwako.” Halafu walipanda mche mmoja pamoja, kijana ameushika usimame, baba anashindilia udongo kwa kisigino. Yakaisha. Tangu siku hiyo kijana alipalilia sehemu yake mwenyewe, na hakuna mtu aliyekata mkungu pale bila ruhusa yake. Baba hakukata. Hata mama, akiwa hana cha kupika, aliita kwanza: “Nikate?” Akajibiwa ndipo akakata.

Sehemu hiyo haikuwa pambo. Kwetu kijana hakuoa bila rubisi, pombe ya ndizi, na rubisi hiyo ilitakiwa itoke kwenye migomba yake mwenyewe. Siku ya kupeleka pombe ukweni, kibuyu kiliwekwa katikati, mrija ukatiwa ndani, na mzee wa upande wa binti, kabla hajavuta, aliuliza: “Hii ni ya migomba ya nani?” Jibu analijua, na kila aliyekaa pale analijua. Lakini lazima aulize, na lazima kijana ajibu kwa kinywa chake, “Ni ya kwangu.” Hapo ndipo wazee walipokunywa. Ukienda na pombe ya kununua, au ya migomba ya baba yako, swali litakuja vilevile na wewe utatazama miguu yako. Kulikuwa na mzee mmoja jirani yetu aliyefanya hivyo enzi za ujana wake, na mpaka anapata wajukuu watu walikuwa bado wanamtania.

Kaka yangu alionyeshwa sehemu yake masika moja kabla ya kuhamishwa. Nakumbuka alivyorudi akinawa udongo mikononi, anajifanya hana habari, na sisi wadogo zake tukimwita “baba mwenye nyumba” mpaka akatukimbiza. Tulijua haraka yake inatoka wapi. Alikuwa amempata binti wa Mabawe, walikutana hospitali ya misheni kule Rulenge, yeye amempeleka bibi, binti amempeleka mama yake. Kwa mtu aliyekuwa mvivu wa maneno, alianza ghafla kwenda Rulenge kumsalimia kila mgonjwa aliyesikia habari zake. Mama alisema hajapata kuona kijana mwenye huruma kama huyo. Alicheka mpaka akajifuta machozi na kanga.

Kisha ikaja Operesheni. Watu wa mbali wameandika mengi juu ya jambo hilo na wengine wamelisifu, mimi nasema nilichoona. Tuliambiwa tushuke wote barabarani tukae pamoja, tupate shule, zahanati na maji. Hayo maneno yalikuwa mazuri, na shule kweli tuliipata, nami nimekula mkate wangu kwa shule hiyo. Lakini nyumba ya mlimani iliezuliwa tukiwa tunatazama, ili mtu asipate tamaa ya kurudi. Tukapewa kiwanja barabarani, katika mstari, nyumba hii ikitazamana na ile kama madawati. Udongo ulikuwa mwekundu, mgumu, wa kuvunja jembe. Migomba ilibaki juu. Mgomba hauhamishwi na lori.

Amri ikatoka wilayani, na mjomba akaisoma mbele ya watu: hakuna kupanda mlimani kwenye mahame, makazi tuliyoyahama. Anayekwenda kupalilia kule, anayekwenda kukata mkungu, anayekwenda hata kuokota kuni, anakirudisha kijiji nyuma. Mgambo waliwekwa kwenye njia ya mlimani. Wanawake wawili watatu walijaribu alfajiri, wakanyang’anywa mapanga, wakalimishwa shamba la kijiji kwa adhabu.

Sitaki mtu amwone mjomba kama mnyama. Ingekuwa rahisi kwangu angekuwa mnyama. Alikuwa mtu mpole, mcheshi, hali kitu peke yake. Alikuwa anatubebea miwa. Alisoma kwa mapadri madarasa machache, na furaha ya maisha yake yote ilikuwa mpira aliocheza huko. Alipopewa uenyekiti alilala njaa kwa ajili ya watu, na nguo zake zilichakaa kuliko za baba yangu. Aliamini kila alichoambiwa na wakubwa, na aliamini zaidi alichokisema yeye mwenyewe.

Vijana wakaanza kuharibika. Shamba la kijiji lilikuwa la asubuhi tu, baada ya hapo walikaa kando ya barabara, wakubwa kabisa, wenye ndevu, wanahesabiwa watoto kwa sababu hawana migomba, na wasio na migomba hawaoi, na wasiooa walilala jikoni kwa mama zao. Wengine walivuka kwenda Burundi kutafuta vibarua na hawakurudi. Wengine walijifunza gongo. Kulikuwa na mmoja, rafiki wa kaka, aliyekuwa akiimba vizuri kanisani, siku moja alikutwa amejifungia katika ghala la pamba, ana kamba. Walimuwahi. Baada ya hapo hakuimba tena. Wazazi wakasema vijana wa siku hizi wana pepo. Halmashauri ya kijiji ikasema wana uvivu.

Mjomba alisikitika kweli. Ndipo akafanya jambo ambalo sijaona mwenyekiti mwingine akilifanya zama zile: aliwaita vijana wote chini ya turubai, akawakalisha, akasema, “Leo sisi wazee tunanyamaza. Semeni nyinyi, mnataka nini?”

Tuliokuwa wadogo tulijazana pembeni kusikiliza. Kaka akasimama. Nyumbani alimwita mjomba, lakini pale alimwita kama ilivyotakiwa.

“Ndugu Mwenyekiti,” alisema, “sisi hatuombi kikubwa. Juu mlimani kila mmoja wetu ana sehemu aliyoonyeshwa na baba yake. Migomba ile imeanza kuzaa, na hakuna anayeipalilia. Tunaomba turuhusiwe kupanda kwa zamu, mgambo watusindikize kama wanatuogopa, tupalilie, tukate, tushuke. Hatujengi kule. Kama hilo haliwezekani, basi tugawiwe lile bonde la chini, karibu na maji. Udongo wake ni mweusi. Tutapanda upya, tutangoja.”

Akakaa. Hakukuwa na la kuongeza. Vijana walipiga makofi, na wazee wachache nyuma wakaguna kwa kukubali, maana nao walikuwa na watoto wa kiume.

Mjomba alikuwa amemsikiliza kwa makini, mkono shavuni. Akasema, “Limepokelewa, ndugu zangu. Limepokelewa kwa mikono miwili.”

Siku ile kaka alirudi nyumbani anapiga mluzi. Alichukua jembe akaanza kulinoa kwenye jiwe uani, ingawa lilikuwa na makali.

Wiki chache baadaye halmashauri ilikaa, mkubwa mmoja wa wilaya akapita, wakazungumza. Sikuwepo, lakini mjomba mwenyewe alikuja kwetu kutoa habari, anacheka, hawezi hata kukaa. Mlimani haiwezekani, alisema, hiyo ni amri, mkianza kupanda mtalala, mkilala mtajenga. Lakini bonde limekubaliwa. Kaka aliruka kutoka kwenye kigoda.

“Limekubaliwa kwa vijana,” mjomba akaendelea. “Tutalisawazisha. Tutaweka uwanja wa mpira!”

Naona mpaka leo uso wa kaka. Alikuwa bado anatabasamu kwa sababu uso ulikuwa haujapata habari.

“Uwanja, mjomba?”

“Uwanja wenye vipimo. Mkubwa ameahidi mpira wa ngozi. Mtu akicheza, damu inatembea, mawazo mabaya yanatoka. Mimi nayajua hayo mambo, yamenilea.”

“Mjomba, sisi tuliomba migomba.”

“Migomba itakuja,” mjomba alisema, akamgonga begani. “Kwanza afya.”

Na vijana wenyewe ndio waliosawazisha. Walichimba ule udongo mweusi, udongo ambao ungeukuza mgomba mpaka mtu mrefu asifikie mkungu, wakaupakia kwenye machela wakaumwaga kando. Mjomba alichonga milingoti ya goli kwa mkono wake mwenyewe, ya mkaratusi, akaipiga chokaa. Ulikuwa uwanja mzuri. Nachukia kusema, lakini ulikuwa mzuri. Wageni walipita wakasifu, na kijiji chetu kikatajwa kwenye mikutano kama kijiji kinachojali vijana.

Kaka alicheza. Alikuwa hodari kwa mguu wa kushoto. Mama alimwomba asimwaibishe mjomba wake, mtoto wa dada akigoma kijiji kizima kitagoma, basi akacheza, akafunga magoli, akashangiliwa, akarudi kulala jikoni.

Alipanda miche nyuma ya nyumba yetu ya barabarani, kwa kuiba muda. Mbuzi wa jirani walikula mingine, mingine ilisimama bila kukua, majani ya njano. Samadi hakuna, maana ng’ombe waliwekwa zizi la pamoja mbali. Jioni alikuwa akiimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Baba alimtazama, akaingia ndani.

Kule Mabawe wazee wa binti walikuwa wamengoja masika moja, wakangoja na ya pili. Baba yake alikuja mwenyewe kuzungumza, mtu wa heshima, mzito wa ulimi, Kiswahili chake cha sokoni. Alikuwa akijitahidi kukisema kwa sababu mjomba, kama mwenyekiti, alikuwepo.

“Sisi hatumkatai kijana,” alisema. “Kijana ni muzuri. Rakini tutakunywa nini?”

Baba alisema huenda tukatumia pombe ya kununua, wakati wenyewe umebadilika. Yule mzee alitikisa kichwa taratibu.

“Tutamuuliza swali, naye atanyamaza. Mimi sitaki binti yangu aolewe na mtu aliyenyamaza.”

Mjomba alisema mila hizo zitakwisha, na kwamba vijana wa Ujamaa wataoana kwa upendo na kazi. Mzee akamwitikia kwa adabu. Kisha akaniomba mimi maji, akanywa, akaaga. Kaka alimsindikiza mpaka mbali, na aliporudi alikwenda moja kwa moja uwanjani akakaa ndani ya goli ameegemea mlingoti. Nilitumwa kumwita aje kula. Alisema ameshiba.

Vita ilitukuta hivyo. Kwetu risasi hazikulia. Sisi tuliisikia vita kwenye redio, tukaiona kwenye sabuni na sukari zilizopotea, na kwenye magari ya jeshi yaliyokatisha kwenda Biharamulo na kuendelea kaskazini. Kisha ikaja habari kwamba kila kijiji kitoe vijana wa mgambo. Kijiji chetu hakikuhangaika kutafuta pa kuwafundishia. Uwanja ulikuwepo. Walikimbizwa pale asubuhi mpaka adhuhuri, wakibeba fimbo kama bunduki, kati ya milingoti ya mjomba.

Siku ya kuchagua, halmashauri ilisema jambo la haki kabisa. Mwenye kaya abaki, kaya isife njaa. Asiye na kaya aende. Mjomba alilisema kwa huzuni, maana alijua anamtaja nani. Mimi nilikuwa nimesimama na mama. Ndugu zangu, asiye na kaya! Nani aliwanyima kaya? Nilikuwa mdogo lakini hilo nililielewa pale pale, nikatazama wakubwa nikidhani kuna mmoja atasema. Hakuna aliyesema. Tuliimba wimbo wa kumpiga nduli, wote, mama yangu naye aliimba.

Kaka alipanda lori na wenzake waliokuwa wakilala jikoni kwa mama zao. Aliniambia nimwagilie miche.

Alipokuwa huko, yule binti wa Mabawe alikuja nyumbani. Hilo halifanyiki kwetu, binti kuja mwenyewe. Mama alikuwa anapepeta mtama uani. Binti alipiga magoti.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Inuka.”

Hakuinuka. Alisema wazee wake wamemwoza kwa mtu wa Lusahunga, pale njia panda, mwenye duka, na kwamba anakwenda Jumamosi. Alisema hakutaka tusikie sokoni. Mama aliendelea kupepeta, ungo unakwenda juu unakwenda chini, na mtama wote ulikuwa umekwisha kumwagika chini bila yeye kujua. Halafu akauweka ungo, akamshika yule mtoto kichwa kwa mikono yote miwili, akambariki kwa Kihangaza. Nami nikamsindikiza mpaka barabarani. Njiani aliniuliza kama miche imekua. Nilimwambia inakua.

Vita ilipokwisha walirudi. Hawakurudi wote. Yule aliyekuwa akiimba kanisani hakurudi. Kaka alirudi akiwa mzima, watu walisema hivyo, mzima, wakamshika mikono na mabega kuhakikisha. Alikuwa amekonda, na alikaa daima ameupa ukuta mgongo. Ukimsemesha alijibu, ukinyamaza alinyamaza. Mama alimwambia habari za Mabawe siku ya pili. Akasema, “Ndiyo.” Akauliza kama kuna chumvi.

Mjomba aliamua kijiji kiwafanyie sherehe. Hilo nalo lilimtoka moyoni. Alisema vijana wetu wameteseka, wasione kwamba tumewasahau, na wakubwa wa wilaya watakuja. Kwa wiki nzima alikuwa mbioni. Siku ilipofika watu walijaa uwanjani, meza ikawekwa kitambaa, ngoma zikapigwa, hotuba zikasomwa, tukaambiwa vijana ni nguzo ya taifa. Wale vijana walikaa kwenye benchi refu mbele ya goli. Mama nami tulikaa chini, karibu kiasi cha kusikia.

Ikaletwa pombe. Rubisi nyingi, vibuyu na mitungi, mpaka watu wakashangaa imetoka wapi, maana kijiji hakikuwa na ndizi za pombe. Mjomba akachukua kibuyu kikubwa kuliko vyote, akakibeba mwenyewe kwa mikono miwili, akapita mbele ya wakubwa bila kuwapa, akaja kukiweka mbele ya kaka yangu. Watu walishangilia. Mwenyekiti kumhudumia kijana! Akampa mrija.

Kaka aliushika mrija. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, na lilikuwa ndilo neno refu kuliko yote tuliyomsikia tangu arudi:

“Hii ni ya migomba ya nani, Ndugu Mwenyekiti?”

Wazee waliangua kicheko. Swali la ukweni, katikati ya hotuba za vita! Walidhani kijana amechangamka. Mjomba naye alicheka mpaka meno ya nyuma, akafurahi kuliko wote, maana jibu lilikuwa zawadi aliyokuwa ameiweka akiba.

“Ni ya kwako, mpwa wangu! Nilipata kibali, nikawatuma mgambo mlimani. Niliwaambia waanze na sehemu yako. Mikungu yako ndiyo ilikuwa mizuri kuliko ya wote.”

“Ilikuwa inazaa?”

“Haijaacha kuzaa tangu tuhame! Bila jembe wala samadi. Mingine imeanguka na kuozea pale pale, ndiyo imekuwa mbolea.”

Mama alinishika goti. Nadhani katika mkutano wote ule ni yeye tu aliyefikiria kwamba walikata bila kumuuliza.

Kaka aliinama akavuta. Alivuta taratibu, muda mrefu, kama anavyovuta mzee wa upande wa binti akisharidhika. Alipomaliza aliuweka mrija juu ya kibuyu, akajifuta mdomo kwa mkono.

“Limepokelewa,” alisema.

Mjomba akapiga makofi, na uwanja mzima ukapiga makofi pamoja naye. Kaka akainuka akatoka kupitia kati ya milingoti ya goli, akashika njia ya nyumbani, na ngoma zikaendelea.

Hakuoa. Alifanya vibarua vya kupakia magari huku na huko, akirudi kwetu akiumwa, akiondoka akipata nafuu, mpaka alipofia nyumbani kwa baba miaka mingi baadaye. Mjomba alilia kuliko wote kwenye mazishi, na sikuweza kumshika mkono. Amri ya mahame ilijifia yenyewe, haikufutwa na mtu. Watu walirudi mlimani mmoja mmoja, na mgambo wenyewe walikuwa wa kwanza. Kaka akiwa bado hai, baba alimwambia sehemu yake ipo, imejaa magugu lakini ipo. Kaka alisema apewe yeyote.

Nilipewa mimi. Nilijenga pale nilipostaafu, naipalilia, na wanangu wanaiita migomba ya mama. Lakini nikishika panga kukata mkungu husimama kwanza, nikaita, “Nikate?” Nangoja kidogo. Kisha nakata.